Dole Gumba Halivutwi: Mwongozo kwa Mcheza Magongo, Kocha na Wenye Mikono Isiyotulia

Kuna kazi moja Dar es Salaam ambayo haihitaji cheti, usaili wala barua ya maombi: kuvuta kidole cha mchezaji aliyeumia. Mchezaji akishachuchumaa tu, mkono ameukumbatia kifuani, hata filimbi ya mwamuzi haijalia, wamekwisha kufika watatu. Mmoja anakunja mikono ya shati. Wa pili anasema, "Kaza roho, kaka, navuta mara moja tu." Wa tatu amemshika mgonjwa mabega asije akakimbia. Hakuna hata mmoja aliyekitazama kidole chenyewe.

Mwongozo huu umeandikwa ili wote watatu waache kazi hiyo. Unamhusu kwanza mwanachuo anayecheza mpira wa magongo, lakini mcheza kriketi, mdaka mpira wa netiboli, golikipa wa chandimu na hata mcheza ngoma ya fimbo ya kirumbizi wa Lamu wanaweza kuusoma, maana dole gumba ni lile lile. Dai lake ni moja. Gongo huumiza kidole kwa nukta moja. Kidole hulemazwa na yale tunayokitendea dakika kumi zinazofuata, na pia ubishi wa wiki sita baada ya hapo. Nukta ile hatuwezi kuirudisha. Dakika kumi na wiki sita ni mali yetu.

Jua kwanza unacheza nini

Atatokea wa kuuliza: magongo, Dar es Salaam hii? Ndiyo, hii hii. Mwaka 1980 Tanzania ilipeleka timu ya wanaume ya magongo kwenye Olimpiki ya Moscow. Wengi wanaikumbuka michezo ile kwa medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Timu ya magongo haitajwi sana, labda kwa sababu India, waliotwaa dhahabu mwaka ule, walitufunga mabao 18 kwa bila. Majirani zetu Kenya walikwisha kushika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona, mwaka 1971. Anayekuambia kuwa huu ni mchezo wa wageni hajui habari za kwao.

Sasa tazama vifaa. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 156 hadi 163, mgumu, si wa kujazwa upepo. Gongo linaruhusiwa kufikia gramu 737. Uwanjani mna watu 22, kila mmoja na gongo lake. Katikati ya hayo yote umepeleka mkono wenye mifupa 27, ambayo kwa upande wa nyuma imefunikwa na ngozi na kano tu, bila nyama ya kuikinga.

Mkono wa kushoto hushika juu ya gongo, na ndio unaoligeuza. Wa kulia hukaa chini yake. Upande wa mviringo wa gongo hauruhusiwi kugusa mpira, kwa hiyo mchezaji analigeuzageuza muda wote atafute upande bapa. Mtazame beki anayekwenda kuzuia. Anakunja goti, anainama, analilaza gongo chini lote kama kizingiti, na mkono wake wa kushoto unashuka nalo mpaka vifundo vya vidole vinagusa udongo. Dole gumba liko mbele, limeelekea anakotoka mshambuliaji. Mshambuliaji naye anakuja mbio, gongo liko nyuma tayari kupiga. Hapo ndipo vidole vya mabeki vinapoumia, na ndiyo maana wachezaji wengi duniani wanaovaa glavu moja huivaa mkono wa kushoto.

Ongeza uwanja. Kimataifa, tangu Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, mashindano makubwa ya magongo yanachezwa kwenye nyasi bandia, mpira unateleza bila kuruka. Mwanachuo wetu mara nyingi anajifunzia kwenye udongo wenye kokoto. Mpira ukigonga kokoto moja huacha njia yake na kupanda juu, na kilicho karibu nao ni mkono.

Kabla ya filimbi

Vua pete. Zote, na ya uchumba nayo. Mchumba ataelewa, na asipoelewa mpe mwongozo huu asome. Pete iliyobaki kwenye kidole kinachovimba huzuia damu, na mwisho wake ni kukatwa kwa koleo. Kata kucha. Kucha ndefu, hasa za kubandika, zikinaswa kati ya gongo na mpira hung'oka na kucha ya asili iliyo chini yake. Saluni zipo kila mtaa Sinza na Tandika. Zitakuwepo hata baada ya mechi.

Vaa glavu ya kushoto. Sheria za mchezo zinaruhusu mchezaji wa ndani kuvaa glavu ya kinga mradi isiukuze mkono kupita kiasi. Yule anayesema glavu ni za waoga mwangalie mikono yake, kisha mwombe afunge kifungo cha shati mbele yako. Chuo kikikosa hela ya glavu kwa kila mtu, wapewe kwanza mabeki na wanaokimbilia mpira kwenye kona ya adhabu, maana hao ndio wanaokutana na mashuti ya karibu.

Dole gumba likumbatie gongo. Wanaoanza hupenda kulilaza juu ya mti, limenyooka kuelekea chini, wakidhani linaongeza shabaha. Halina shabaha yoyote pale. Limejianika tu lipigwe kwa ncha. Lizungushe, likutane na vidole vingine upande wa pili.

Okoteni kokoto. Timu nzima isimame mstari mmoja, itembee kutoka goli hadi goli, kila mmoja akiokota kilicho mbele yake. Kazi hii ni ya dakika chache, na nahodha awe wa kwanza kuinama. Timu inayopata muda wa kupiga picha za mtandaoni kabla ya mechi haiwezi kusema imekosa muda wa kuokota mawe.

Na ukianguka, liachie gongo. Mtu akianguka gongo likiwa kiganjani, mti ule hulisukuma dole gumba kwenda nje ardhi inapoupokea mkono, na kano iliyo upande wake wa ndani huchanika. Watelezaji wa kwenye theluji huko Ulaya wanaumia hivyo hivyo kwa fimbo zao. Gongo likidondoka huokotwa palepale. Kano haiponi palepale.

Dakika kumi

Umeumia. Umetoka nje ya mstari, na wenye mikono isiyotulia wanakuja. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya kwanza ni kusema "Hapana". Iseme kwa sauti, na nahodha airudie kwa sauti kubwa zaidi. Kidole kilichopinda kinaweza kuwa kimeteguka, kimevunjika, au vyote viwili, na hakuna jicho linaloona mfupa kupitia ngozi. Ukivuta mfupa uliovunjika unaweza kusogeza vipande vilivyokuwa mahali pake. Ukivuta kiungo kilichoteguka, kano inaweza kunaswa katikati na sasa daktari akahitaji kisu kwa jambo ambalo lingemalizika kwa ganzi na mkono wa mtaalamu. Mlio wa "ko!" ambao mvutaji anausubiri kwa hamu si ushahidi kwamba amekitibu. Ni mlio tu.

Hatua ya pili, pete, kama ulikaidi mwanzoni. Chanda chema huvikwa pete. Chanda kilichoumia huvuliwa upesi, kabla uvimbe haujafika. Isipotoka kwa maji na sabuni, usiing'ang'anize. Nenda hospitali nayo, uwaambie mapokezi mara unapofika.

Hatua ya tatu ni kutazama. Kidole ni cha rangi gani? Kikiwa cheupe au cha buluu, au kimepoa kuliko wenzake, hiyo ni dharura. Ukikigusa ncha unahisi? Kufa ganzi nako ni dharura. Pana kidonda? Kioshe kwa maji safi mengi, kifunike kwa kitambaa safi, na umwambie mhudumu wa afya lini ulichomwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho. Udongo wa uwanjani si dawa, wala dawa ya meno, wala mafuta ya breki. Kidonda kilicho juu ya kidole kilichopinda kihesabu kuwa mfupa umetokeza mpaka daktari akuambie vinginevyo.

Hatua ya nne ni baridi. Barafu ya muuza samaki au ya muuza maji inatosha. Ivunje, ifunge kwenye kanga au taulo, weka dakika 15 hadi 20, ondoa, pumzisha, rudia baada ya saa moja au mbili. Barafu tupu juu ya ngozi huunguza, kwa hiyo kitambaa kisikosekane.

Hatua ya tano ni kutuliza. Kidole kifungwe na jirani yake, pamba au kitambaa kikiwa katikati, au kiwekwe juu ya kipande cha kadibodi ngumu. Kwa dole gumba, mpe mgonjwa bandeji iliyoviringishwa aishike kiganjani, dole likae lilivyo bila kulazimishwa, kisha uzungushie bandeji nyingine juu yake. Usikaze. Ncha za vidole ziachwe wazi ili uendelee kuona rangi yake.

Hatua ya sita ni kuinua. Mkono ukae juu ya usawa wa moyo. Kwenye daladala uweke juu ya bega la upande wa pili. Konda akisema unabana abiria, mwonyeshe bandeji.

Na wale watatu? Kazi wanayo, tena ya heshima. Mmoja atafute barafu. Wa pili akusanye begi, viatu na gongo la mgonjwa. Wa tatu asimamishe bajaji na aende naye hospitali, kwa sababu mtu mwenye mkono mmoja hawezi kujaza fomu, kushika simu na kutoa kitambulisho kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza. Mikono yenu inahitajika sana, mahali pengine.

Washauri wa pembeni na majibu yao

Wa kwanza ni bingwa wa maji ya moto. Huyu ana birika. Ana nia njema na mara nyingi ni mtu mzima, kwa hiyo mjibu kwa heshima: "Shikamoo mama, asante, daktari amekataza joto." Joto na kukanda siku mbili tatu za mwanzo huongeza damu inayovujia ndani na uvimbe unazidi. Birika lake litumike kupikia chai ya wanaosubiri.

Wa pili ni mchua misuli. Mchua misuli mzuri ni hazina ya timu kwa mguu uliokaza na mgongo uliochoka. Kiungo kilichovimba ghafla hakimhusu. Kukisugua kwa mafuta ya moto hakuunganishi kano iliyochanika, hata mafuta yale yawe na harufu kali kiasi gani. Mchua misuli anayejua kazi yake husema mwenyewe, "Huyu apelekwe akapigwe picha." Huyo muongezeeni posho.

Wa tatu ni Bwana Kaza. Anasema enzi zake walicheza na vidole vitatu vimevunjika na wakashinda. Hatuna haja ya kumbishia. Mwombe afungue kifuniko cha chupa ya maji kwa mkono huo anaousifia. Wengi wa hawa akina Kaza wanaishi na vidole visivyonyooka na wanauita huo ushujaa kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba vingetibika.

Wa nne ni wewe mwenyewe, unayeficha. Unaogopa kocha atakutoa kikosini, kwa hiyo unatia mkono mfukoni na kusema pako sawa. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kilio chako kitakuwa cha kimyakimya, miezi sita baadaye, ufunguo ukikataa kuzunguka mlangoni kwa sababu dole halina nguvu.

Majeraha manne yasiyotaka ubishi

La kwanza ni dole gumba lililopanuliwa. Maumivu yako upande wa ndani, unaotazamana na kidole cha shahada, pale dole linapoungana na kiganja. Kubana karatasi kati ya dole na kidole cha shahada kunauma au kunashindikana. Hapo kano inayofunga mfupa kwa mfupa imevutika au imekatika. Mwaka 1955 daktari Campbell aliieleza hali hii kwa walinzi wa wanyamapori wa Uskoti, ambao madole yao yalilegea kwa kazi ya mikono ya kila siku. Mwaka 1962 Bertil Stener wa Uswidi akaonyesha jambo ambalo kila mvuta kidole anapaswa kulijua: kano hii ikikatika kabisa, ncha yake inaweza kuruka juu ya utando wa msuli ulio jirani na kubaki nje. Toka hapo haiwezi kurudi yenyewe. Hata ulifunge dole mwaka mzima, ncha mbili hazikutani, na dawa yake ni upasuaji, ambao hufaa zaidi ukifanyika mapema, katika wiki chache za mwanzo. Iliyochanika kidogo hupona kwa kufungwa wiki 4 hadi 6. Kati ya hizo mbili anayeweza kutofautisha ni daktari, naye anahitaji dole ambalo halijavutwavutwa na mtaa mzima.

La pili ni kidole kilichoinama ncha. Mpira umekigonga kwa mbele, na sasa pingili ya mwisho imelala, ukiiamrisha inyooke haitii. Kano ya kuinyoosha imekatika, au imeng'oka na kipande cha mfupa. Mara nyingi haitaki upasuaji. Inataka banzi dogo linaloiweka ncha imenyooka usiku na mchana, wiki 6 hadi 8. Sharti lake ni kali: ncha ikiinama mara moja tu, hata bafuni, hesabu ya wiki inaanza upya. Ukibadilisha banzi, kidole kikae juu ya meza kimenyooka muda wote. Wanaofeli tiba hii hawafeli kwa ugumu wake. Wanafeli kwa kusema "ngoja nijaribu kidogo".

La tatu ni shimo lililo chini ya dole gumba. Nyosha dole kwenda nje utaona kibonde kidogo usawa wa kifundo cha mkono, kati ya kano mbili. Ukianguka kwa kiganja na kibonde hicho kikauma ukikibonyeza, shuku mfupa mdogo wa kifundo uliojificha humo. Damu yake huingilia hasa upande unaoelekea vidole, kwa hiyo ukivunjika katikati, kipande kilicho upande wa kigasha kinaweza kukosa damu na kufa. Hila yake nyingine ni kwamba picha ya siku ya kwanza inaweza kuonekana safi. Daktari makini hukufunga hivyo hivyo na kukuita tena baada ya siku 10 hadi 14. Ukiitwa, nenda. Usiseme picha ilikuwa safi, mkono unauma kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi.

La nne ni vidole vinavyopishana. Kunja ngumi polepole ukitazama kucha. Zote zielekee upande mmoja, chini ya kiganja. Kimoja kikipanda juu ya jirani yake, mfupa umevunjika na umejizungusha, na ukiungana hivyo utashika kalamu kwa tabu maisha yote. Jeraha hili lina ndugu yake kwenye tako la dole gumba: mvunjiko unaoingia ndani ya kiungo, ulioelezwa na Edward Bennett wa Ireland mwaka 1882. Wote wawili hawangoji Jumatatu.

Hospitali

Aliye Kijitonyama au Mwananyamala ana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mwananyamala; aliye Chang'ombe, Mtoni au Mbagala ana ya Temeke. Mambo yakizidi, rufaa huenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Hakuna sababu ya kwenda kwanza kwa fundi wa mtaani "akunyooshe" halafu hospitali baada ya wiki tatu ukiwa na mfupa ulioungana upande.

Mweleze daktari mambo matano bila kuzunguka: umeumia lini; kidole kilielekea wapi kilipopigwa; unaandikia mkono gani; nani amekigusa na amefanya nini; na kazi au masomo yako. Hilo la nne lisiachwe kwa kumwonea aibu mvutaji. Kama alivuta, sema alivuta. Uliza maswali yako: Je, kano imekatika yote au sehemu? Nirudi lini? Vidole gani nivitembeze? Na picha ya eksirei itunze. Si ya kupamba ukuta wa hosteli.

Wiki sita za adabu

Sasa umefungwa hogo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na katika wiki hizi utaujua undani wa msemo huo. Dole gumba ndilo linalokutana na vidole vingine vinne kila unaposhika kitu, na wataalamu wa mkono huliwekea asilimia 40 hivi ya kazi yote ya kiganja. Kusonga ugali, kukamua nguo, kukuna nazi, kushika bomba la daladala, kuandika mtihani wa saa tatu, yote hayo ni lenyewe. Tangu Januari 2020, laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa, kila mkazi wa jiji hili anajua ncha ya kidole ina thamani gani.

Kwa hiyo, mara tu unapofungwa, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi na cheti cha daktari, uombe utaratibu wa mtihani. Usisubiri asubuhi ya mtihani ukaanza kulia mlangoni. Vidole vilivyo nje ya hogo vikunje na kuvikunjua mara nyingi kwa siku, na kiwiko na bega vivyo hivyo, visije vikakakamaa. Hogo lisilowe. Likiwasha, usichokonoe kwa waya wa hanga. Likibana, vidole vikafa ganzi au kubadilika rangi, rudi hospitali usiku huo huo. Na usilikate mwenyewe kwa kisu cha mkate kwa sababu Jumamosi kuna fainali. Fainali itakuwepo mwakani pia.

Kurudi uwanjani kuna mtihani wake, na haufanywi na kocha. Daktari ameruhusu. Kiungo hakiumi kikibonyezwa. Kinakunjika na kunyooka sawa na cha mkono wa pili. Unaweza kukamua taulo lililolowa, ukafungua kifuniko cha chupa, ukapiga mpira uliotulia mara nyingi bila kukunja uso. Mojawapo likishindikana, kaa benchi, shika daftari, hesabu pasi za wenzako. Utajifunza mchezo kuliko ukiwa ndani.

Kwa kocha na chuo

Kocha, maneno yako ndiyo yanayoamua. Ukisema "mwanamichezo halialii", watakuficha, na utacheza fainali na beki asiyeweza kushika gongo. Ukisema "anayeumia aseme, namba yake inamsubiri", utajua hali ya kikosi chako. Fundisha kuzuia kwa kulaza gongo taratibu kwanza, bila mpinzani, mpaka mkono wa kushoto ujue njia. Kemea gongo linalonyanyuliwa ovyo mazoezini kama unavyokemea uchelewaji.

Na chuo kinachotaka kombe la kuweka kwenye kabati la ofisi ya mkuu kinunue na sanduku la huduma ya kwanza: bandeji, plasta za kunata, pamba, mabanzi ya vidole, glavu za mpira, sabuni, maji safi, na namba ya simu ya dereva anayepokea. Funguo zake zikae uwanjani. Sanduku lililofungiwa stoo, na mwenye ufunguo amekwenda msibani, ni samani.

Mwisho, haya saba yaandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa kwenye ukuta wa chumba cha vifaa:

1. Pete nje, kucha fupi, glavu kushoto.
2. Kokoto ziokotwe kabla ya mpira kuguswa.
3. Kidole kilichoumia hakivutwi na yeyote asiye mhudumu wa afya.
4. Baridi, banzi, mkono juu. Hakuna maji ya moto, hakuna kusugua.
5. Weupe, ganzi, kidonda au vidole vinavyopishana: hospitali sasa hivi, na mtu wa kumsindikiza.
6. Ncha isiyonyooka na dole lisilobana karatasi: hospitali leo.
7. Pakiuma bado baada ya wiki mbili, rudi ukapigwe picha nyingine, hata kama ya kwanza ilikuwa safi.